Mbuzi Aliyekula Sampuli

Nimestaafu nikiwa na miaka ishirini na saba. Nasema mapema ili wewe utakayekaa kwenye stuli hii baada yangu usidhani umeshika daftari la mtu mwingine. Mkataba wangu wa maabara ulikuwa wa mwaka mmoja, ukaongezwa miezi minane, na Ijumaa iliyopita ukaisha. Maabara yetu inajua sherehe moja tu ya kuagana, nayo ni ya wastaafu. Kwa hiyo nilikalishwa kwenye kiti kilichofunikwa kitenge, nikalishwa keki, nikapewa saa ya ukutani, na mkurugenzi akasoma hotuba ya kunitakia mapumziko mema pamoja na wajukuu wangu. Sina wajukuu. Sina hata mchumba. Niliinama kwa unyenyekevu, maana kumsahihisha mkurugenzi mbele ya keki ni jambo ambalo ningelifikiria kwa miezi sita ijayo.

Desturi ya pili ni daftari hili. Anayeondoka huandika yaliyompata ili anayekuja asiyarudie. Kabla yangu wameandika watatu. Wa kwanza alifanya kazi hapa tangu maabara ilipofunguliwa, na kurasa zake kumi na nne zinahusu mizani peke yake. Wa pili alikaa miezi mitatu na akaacha mstari mmoja: "Siku ya mvua usiiamini mizani." Wa tatu alichora ramani ya kibanda cha chapati, na mpaka leo ramani hiyo ndiyo inayosomwa zaidi. Nilipomwambia Mama Nchimbi kwamba mie sijafanya cha kuandikwa, alinitazama juu ya miwani.

"Wewe Happiness umeharibu vitu ambavyo wenzako hawakuwahi hata kufikiria kuviharibu. Kaa chini uandike."

Mama Nchimbi ndiye fundi wa maabara, na ndiye aliyenifundisha kila ninachokijua kwa mikono. Ni mtu wa Songea, mfupi, hana haraka, na haelezi jambo mara mbili. Mara nyingi haelezi hata mara moja.

Siku ya kwanza nilifika Chang'ombe saa moja kasoro ingawa kazi inaanza saa mbili, kwa sababu nikiwa nyumbani kwa shangazi, Mtoni, nilipiga hesabu ya kila kinachoweza kunichelewesha, nikajumlisha na ajali moja ndogo. Maabara ipo nyuma ya karakana ya mageti. Fundi Chande, mwenye karakana, alikuwa amekwisha kuanza kuchomelea, na kila alipogusa chuma taa zetu zilififia, na mizani ya kielektroniki ikasema kwamba karatasi tupu ina uzito. Mama Nchimbi alichukua nyundo ya mbao akagonga ukuta mara tatu. Karakana ikanyamaza. Akapima unga wa majani, akaandika, akagonga mara moja. Cheche zikaanza tena.

"Tatu, ashike. Moja, aendelee," alisema. "Ukisahau ile moja, hapati mtu geti leo."

Nilisahau ile moja siku ya pili. Fundi Chande alikaa kimya dakika arobaini, kisha akaja mlangoni na miwani yake myeusi kichwani. "Sista, mie bado nimeshika. Nishike mpaka lini?"

Siku hiyo ya kwanza pia nilioneshwa vifaa. Testi tyubu zetu zimegawanyika makundi mawili. Za kawaida zinaoshwa kwa sabuni, zinasuuzwa, zinakaushwa. Kumi na mbili nyingine zimefungwa uzi mwekundu shingoni na zina kichanja chake peke yake. "Hizi za uzi mwekundu hazigusi sabuni," Mama Nchimbi alisema. "Maji ya moto na brashi yake, basi." Nilimuuliza kwa nini. Alikuwa amekwisha kuhamia kwenye kabati la pili.

Wewe ungefanyaje? Mtu wa kawaida angetii tu. Mie nilikaa na swali hilo wiki nzima. Nilizitazama zile testi tyubu, nikaona kioo chake kimefifia kama macho ya samaki wa jana. Nikafikiri: mama huyu ni mtu mzima, haoni vizuri. Halafu nikafikiri: hapana, anabana matumizi, sabuni ya maabara inatoka kwa vipimo. Nilikumbuka jinsi alivyokata sabuni ya mche kwa uzi ili vipande vilingane. Nikaridhika kwamba nimepata jibu, na kwa kuwa sikutaka kuitia maabara hasara, nilinunua sabuni yangu mwenyewe ya maji dukani Mtoni, ya ndimu, nikaificha kwenye mkoba. Sikuitumia mara moja. Niliisubirisha mpaka nipate nafasi. Ndugu msomaji, hapo ndipo kesi ya mti wa Bi. Tatu ilipoanzia, miezi minne kabla haijaletwa.

Ililetwa siku ya Alhamisi na mzee mmoja kutoka Kimbiji, kwa bajaji. Alishuka yeye, likashuka gunia la majani, kisha akashuka mbuzi mweupe mwenye mguu mmoja mbovu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Mie naitwa Mzee Mihayo. Hili gunia ni mshtakiwa. Huyu ni shahidi."

Mzee Mihayo alikuwa karani wa stoo zamani, Mnyamwezi wa Tabora aliyehamia Kimbiji alipoacha kazi, akafuga mbuzi. Alituhadithia akiwa amesimama, kofia mkononi. Mbuzi wake saba walikuwa wamekufa ndani ya mwezi mmoja. Kati ya kiwanja chake na cha jirani yake, Bi. Tatu, kuna mti ambao Bi. Tatu huchemsha gome na majani yake na kuwauzia watu dawa ya tumbo. Wenyewe wanauita mti wa tumbo. Mbuzi walikuwa wakipita chini yake kila siku.

"Sasa mzee, si ungeenda kwa mwenyekiti wa mtaa?" Mama Nchimbi aliuliza.

"Nimeenda mara nne. Tatizo ni kwamba Bi. Tatu ni Mzaramo."

Mama Nchimbi akacheka. Mie niliyezaliwa Moshi ilibidi nielezwe. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani. Mtani anaweza kukuita mwizi msikitini, anaweza kukuzuilia jeneza njiani akidai soda, na hutakiwi kukasirika. Kwa miaka kumi Mzee Mihayo alikuwa akimwambia Bi. Tatu hadharani kwamba anauza sumu, na Bi. Tatu akimjibu kwamba Mnyamwezi bila mzigo kichwani hata akili haikai. Kwa hiyo alipokwenda kwa mwenyekiti kushtaki kwamba mti wa Bi. Tatu umeua mbuzi, mwenyekiti alicheka, akamkaribisha kahawa, akamwambia hiyo ya leo ni kali.

"Mbuzi wa kwanza alipokufa, yule mama alikuja kwangu amejifunga khanga kichwani, analia, anagaragara," Mzee Mihayo alisema. "Analia, 'Shemeji yangu wewe, umeniacha na nani!' Watu wakacheka mpaka wakakaa chini. Hata mie nilicheka. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu hivyo hivyo." Akaigeuza kofia. "Wa saba alipokufa hakuja. Ndipo mwenyekiti akajua kumbe si utani. Akasema, haya, mti upimwe. Ukiwa na sumu, unakatwa."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Jibu letu lingeamua kama mti wa Bi. Tatu utasimama au utaanguka. Mama yake ndiye aliyeupanda, na ndio uliokuwa ukimlisha.

Mama Nchimbi alimuuliza kama kuna ua au tunda la mti. Hakuna. "Bila ua siandiki jina la kisayansi," alisema, na akaandika kwenye fomu: mti wa tumbo. Zingatia hilo. Mtu akikuletea majani matupu na jina kubwa la Kilatini, pokea majani tu.

Wakati sie tunajaza fomu, shahidi alikuwa amelifungua gunia. Nilipogeuka nilimkuta amekula kiasi cha kujaza ndoo na anaendelea, taratibu, bila chuki. Nilipiga kelele ambazo fundi Chande alidhani ni za kumtaka ashike.

"Amekula sumu!"

"Alikuwa na njaa," Mzee Mihayo alisema, lakini na yeye uso ulimbadilika. Alimshika mbuzi kidevu, akamtazama machoni. Mbuzi akacheua.

Mzee alikataa kurudi naye. Alisema shahidi haondoki mpaka hukumu isomwe. Akamfunga kwenye nguzo ya karakana na kuacha maagizo: "Huyu anakunywa maji kwenye sufuria tu. Tangu avunjike mguu anakaa barazani kwangu, mke wangu kamdekeza. Ukimpa kwenye kingine, anakutazama tu."

Niliandika maagizo hayo. Kisha nikaichukua ile fomu ya sampuli, nikatafuta mahali pa kuandika kwamba mbuzi amekula mshtakiwa. Fomu yetu ina sehemu nne: uzito uliopokelewa, uliotumika, uliopotea, na sababu ya kupotea. Nilipima kilichobaki, nikatoa, na kwenye sababu ya kupotea nikaandika: "Imeliwa." Nililiona ni jambo la kumbukumbu za stoo. Naomba urudie kuisoma sentensi hiyo, kwa sababu mie niliirudia siku nane baadaye nikataka ardhi inimeze.

Kesho yake Mama Nchimbi alisafiri kwenda Songea kumwoza mpwa wake. Aliniachia funguo na nyundo ya mbao. Nilianika majani kivulini siku tatu, na kila saa nilitoka kumtazama mbuzi. Nilihesabu anavyopumua. Nilimwandikia ukurasa wake: Ijumaa, anacheua. Jumamosi, anacheua, amekula glavu moja. Jumapili nilitoka kanisani nikapitia hapo, na nikamkuta fundi Chande anamlisha ganda la ndizi. Anacheua. Nilidhani ninafanya hivyo kwa huruma tu.

Nafasi ya ile sabuni ilikuwa hiyo. Kesi kubwa, mwenyewe hayupo, na testi tyubu zimefifia. Jumatatu alfajiri nilizitoa zote kumi na mbili, nikaziosha kwa sabuni yangu ya ndimu mara tatu kila moja. Wiki ile bomba lilikuwa halitoi, tunatumia maji ya boza, yale yanayoletwa na lori, kwenye pipa, na pipa lilikuwa limefika chini. Nikazisuuza kwa uangalifu, yaani kwa kikombe kimoja zote. Zilimetameta. Niliziona nikasema, hivi ndivyo sayansi inavyotakiwa kuonekana.

Sasa nieleze kipimo chenyewe, kwa ajili ya yule atakayekuja bila kukijua. Mimea mingi ina kitu ambacho ukikichanganya na maji na kutikisa kinatoa povu, kama sabuni. Kikiwa kingi sana mnyama anaweza kuharisha na hata kufa. Unachemsha unga wa majani, unachuja, unatia kwenye testi tyubu, unatikisa kwa nguvu, unaiacha robo saa. Povu likianguka, hakuna. Likisimama, kipo. Unaandika alama za kujumlisha kulingana na urefu wake. Moja ni kidogo. Tatu ni nyingi.

Povu la mti wa Bi. Tatu lilipanda mpaka likamwagika juu ya vidole vyangu. Robo saa ikapita halijashuka. Nusu saa. Lilikuwa povu zuri, jeupe, na ningekuwa na pua iliyotulia ningesikia lina harufu ya ndimu. Niliandika alama tatu, nikafikiri, nikaongeza ya nne ambayo haipo kwenye mwongozo. Jumanne mkurugenzi alikuja, kwa kuwa yeye huja Jumanne, akasaini, akagonga mhuri. Mzee Mihayo akaja akaichukua barua. Aliisoma mara mbili, akaikunja, hakufurahi hata kidogo.

"Basi ni kweli," alisema. "Miaka kumi namtania, kumbe nasema kweli." Mbuzi alimwacha kwetu, akasema atamfuata mti ukishakatwa.

Ijumaa asubuhi Mama Nchimbi alirudi na gunia la mahindi mabichi. Aliingia, akavua viatu, akatazama kichanja cha uzi mwekundu. Alitazama muda mrefu.

"Nani kazitakasa hizi?"

"Mie, mama. Kwa sabuni yangu. Sikugusa ya maabara."

Alichukua testi tyubu moja, akatia maji safi ya maabara, maji matupu, akaweka kidole gumba juu yake, akatikisa. Povu likapanda. Akaiweka kwenye kichanja mbele yangu, akaenda kuwasha jiko la chai. Mie nikabaki naitazama. Robo saa ikaisha, povu limesimama. Kwa mujibu wa barua yetu yenye mhuri, maji yalikuwa sumu kali.

"Mbuzi yule nje ndiye yule wa Alhamisi?" aliuliza alipoleta chai.

"Ndiye shahidi. Yule aliyekula sampuli."

"Siku ngapi?"

"Nane."

"Anafanya nini?"

Nilifungua ukurasa wake. "Anacheua."

Alikunywa chai yote kabla hajasema. "Happiness. Umempa mbuzi mti, siku nane zimepita, amenenepa. Umeupa mti sabuni, ukaandika sumu. Sasa nani hapa ndiye fundi wa maabara, wewe au mbuzi?"

Nilimpigia simu mwenyekiti wa mtaa. Nilijieleza kwa mpangilio, nikianza na historia ya sabuni. Alinikatiza. "Mwanangu, msumeno wa mashine umeshakodiwa. Kesho saa tatu. Hii karatasi yangu ina mhuri. Wewe maneno yako yana mhuri?" Mhuri hukaa na mkurugenzi, na mkurugenzi huja Jumanne. Nikamwambia Mama Nchimbi kwamba labda angekwenda yeye, kwa kuwa ana heshima na umri.

"Aliyetia povu ndiye anayelitoa," alisema, na akanifungia kwenye kitambaa testi tyubu sita za kwangu zenye sabuni, na sita alizozichemsha yeye mwenyewe mara nyingi mpaka maji yakakaa ndani yake bila kutoa hata tone la povu.

Jumamosi fundi Chande alitupeleka kwa toyo lake, lile la matairi matatu analosambazia mageti. Mie nilikaa nyuma na mbuzi. Baada ya Kigamboni barabara ilitutikisa kiasi kwamba kama kungekuwa na chochote cha kutoa povu, kingetoa. Tumbo langu lilikuwa likiunguruma tangu Ijumaa. Nilijiandalia maneno. Nilikuwa na hotuba tatu: ya wakinipokea vizuri, ya wakikasirika, na ya wakiwa wameshaukata.

Mti ulikuwa bado umesimama. Ni mti wa kawaida, si mkubwa, wenye makovu mengi ya gome lililochukuliwa kidogo kidogo kwa miaka. Bi. Tatu alikuwa amekaa chini ya mti kwenye kigoda, mgongo kwenye shina, khanga mbili, mikono mapajani. Mwenye msumeno alikuwa amesimama mbali kidogo akingoja ahamishwe. Watu walikuwa wengi. Hakuna aliyecheka, na kwa watani hao wawili hilo lilikuwa jambo la kutisha.

"Shikamoo bibi."

"Wewe ndiye wa karatasi?"

Nilizisahau hotuba zote tatu. "Ndiyo. Nimekosea. Ilikuwa sabuni."

Mwenyekiti akataka nieleze. Nikaomba maji ya kunywa, nikayatia kwenye testi tyubu yangu, nikatikisa. Povu likapanda watu wakaliona. Nikamwambia mwenyekiti kwamba kwa kipimo kile nilichotumia, hata maji haya yana sumu ya alama nne.

Mwenyekiti alilitazama povu, akaitazama barua. "Kwa hiyo maji yanaua mbuzi?"

"Basi na bahari ikatwe!" Bi. Tatu alisema pale chini. "Mwenyekiti, anza na bahari, mie nitakusubiri hapa."

Mtu mmoja akacheka, kisha wawili. Nikachukua testi tyubu safi, nikatia maji yaliyochemshwa majani ya mti, niliyokuja nayo kwenye chupa, nikatikisa. Povu lilikuja dogo, la alama moja. Sikuwaficha. Niliwaambia kipo, kama kilivyo kwenye mimea mingi, na kwamba kwa kiasi hicho singethubutu kuandika neno sumu. Nilikuwa naendelea kueleza mipaka ya kipimo, na nadhani ningeendelea mpaka adhuhuri, kama fundi Chande asingechoka na kumfungulia mbuzi. Mbuzi alichechemea mpaka kwenye mti, akainua kichwa, akavuta tawi. Wote tulimtazama anakula. Ulikuwa ushahidi mrefu sana.

"Sasa," Mzee Mihayo alisema, na sauti yake haikuwa ya utani wala ya ugomvi, "nani kaniulia mbuzi wangu saba?"

Nilikuja kuondoa povu tu. Lakini mie nina ugonjwa wa kutafakari kila kitu, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe ulinisaidia. Niliuliza kwa nini huyu mmoja amepona. Akasema anakaa barazani. Nikauliza anakula nini. Anakula yale yale ya wenzake. Nikauliza anakunywa wapi, halafu nikajijibu mwenyewe, maana nilikuwa nimeyaandika maagizo yake: kwenye sufuria.

"Na wale wengine?"

Alitupeleka nyuma ya nyumba. Palikuwa na dumu kubwa la bluu, limepasuliwa kwa urefu likawa hori la maji. Alisema alilinunua tupu Mtoni, kwa wauza madumu, kwa sababu ndoo ilikuwa ndogo na mbuzi walikuwa wanagombania. Alitaka wanywe kwa nafasi. Fundi Chande alilipindua, akafuta tope kwa kiganja. Karatasi ya ubavuni ilikuwa imebanduka nusu. Iliyobaki ilikuwa na picha ya kupe na picha ya fuvu. Dawa ya kuogeshea ng'ombe.

"Ulilinunua lini?" mwenyekiti aliuliza.

Mzee Mihayo alihesabu wiki, zikaishia kwa mbuzi wa kwanza. Aliinama, akaligusa lile dumu kwa vidole, pale alipokuwa amelikwangua vizuri ukingoni ili lisiwakate midomo.

Sikusema kwamba ndilo. Maabara yetu haina kipimo cha dawa hiyo, nami nilikuwa nimejifunza kutosha kuhusu kuandika nisichokijua. Nilisema kama ningekuwa mimi, nisingewanywesha humo tena. Fundi Chande akaenda kwenye toyo akaleta nyundo na tindo, akalitoboa matundu kote ili asije mtu akalitumia. Mbuzi wapya wa Mzee Mihayo wanakunywa kwenye sufuria, na mpaka naandika hapa hajafa hata mmoja.

Bi. Tatu alikuwa ametufuata. Alikuja, akajifunga khanga kichwani, akakaa chini mbele ya lile dumu lililotobolewa, akaangua kilio. "Shemeji zangu saba! Kumbe mume wenu ndiye aliyewanywesha!" Watu wakashika midomo. Mzee Mihayo alisimama mabega yakimtetemeka, na kwa muda sikujua analia au anacheka. Yalikuwa yote mawili.

"Faini," Bi. Tatu alisema, akafuta macho. "Umenisingizia mbele za watu. Mtani anatoa mbuzi."

"Sina mbuzi, Mzaramo wewe. Sina hata mmoja, ila huyu kiwete."

"Basi huyo huyo. Keshauzoea mti."

Tulipokuwa tunaondoka aliniita pembeni. Alisema tumbo langu limekuwa likisema kuliko mimi tangu asubuhi. Akanifungia gome kwenye karatasi. Kijiko kimoja, maji kikombe cha kahawa, mara moja kwa siku.

Jumanne iliyofuata mkurugenzi alisaini barua ya pili na hakuuliza kwa nini ilikuwa tofauti na ya kwanza. Tangu hapo maabara ina sheria ambayo naiandika hapa kwa herufi kubwa kidogo: KABLA YA SAMPULI, TIKISA MAJI MATUPU. Na fomu ina sehemu ya tano, niliyoiomba mwenyewe. Inaitwa: mengineyo yaliyoonekana. Ukiona mbuzi, mwandike hapo.

Lile gome lilikaa kwenye droo ya meza iliyo mbele ya stuli hii zaidi ya mwaka. Kila nilipoumwa tumbo nililitoa, nikalinusa, nikafikiri kuhusu alama ile moja ya povu, nikalirudisha. Niliwaambia watu wazima wa mtaa mzima kwamba mti hauna neno, halafu mwenyewe sikuthubutu. Leo, siku yangu ya mwisho ya kusafisha droo, nimelichemsha kwenye jiko la Mama Nchimbi. Nimetikisa kwanza maji matupu. Safi. Nimekunywa dawa, kipimo cha kikombe cha kahawa, saa nne na dakika kumi. Ni chungu kupita maelezo. Sasa ni saa sita na tumbo limenyamaza, ingawa huenda ni kwa mshangao.

Nimempigia Bi. Tatu kumuuliza hali ya mbuzi.

"Anakula mti, ananenepa, anadeka. Na wewe, mwanangu?"

"Nimekunywa dawa, bibi. Leo."

Nikasikia tawi likivutwa.

"Mwaka mzima!" alisema. "Ngoja nimwambie mbuzi."